Anayetoa Dawa Huonja Kwanza

Nikiwa safarini, mtu akiniuliza natoka wapi nikasema Sumbawanga, husogea kidogo kwenye kiti. Wengine hucheka na kuniomba nisiwaroge. Zamani nilikuwa nakasirika. Siku hizi nawaambia kwamba leo nimechoka, nitawaroga kesho, halafu nageukia dirishani.

Mama yangu ni mtu wa dawa za miti. Ukimwita mganga atakununia siku nzima. Mganga anapiga ramli, husema, mimi nachimba mizizi. Kwake hayo ni mambo mawili tofauti kama jembe na rozari, na asiyejua tofauti hiyo mama haoni haja ya kumweleza.

Nilikulia kijijini, juu huku kwenye uwanda wa Ufipa, ndani ya sheria zake. Gome la mti lilichunwa upande wa mawio na upande wa machweo, halikuzungushwa kamwe, maana mti uliochunwa mzunguko hukauka. Mizizi haikuchimbwa kando ya barabara wala karibu na shamba la mahindi lililopigwa dawa. Mzizi uliofanana na mwenzake aliupasua na kuunusa, na akibaki na shaka kidogo aliutupa, hata kama tumetembea nusu siku kuufuata. Nakumbuka nikilia kwa uchungu wa miguu, naye anatupa mzigo mzima korongoni kama mtu anayemwaga maji machafu. Dawa ilichemshwa kwenye chungu, si kwenye sufuria. Ilipimwa kwa kijiko chake cha bati chenye mpini uliopinda, hicho hicho, hakuna kingine. Mtu alikunywa siku nne akapumzika tatu.

Hajui kusoma, kwa hiyo vifurushi vyake vilisomwa kwa mafundo ya kamba. Fundo moja, dawa ya kunywa. Mawili, ya kuoga. Matatu haikugusa mdomo. Sisi watoto tulijua mafundo kabla ya kujua a, e, i, o, u. Mwenye mimba hakupewa kitu zaidi ya amri ya kwenda kliniki, na mama aliyeleta mtoto wa degedege alifukuzwa aende hospitali kabla hajapata hata pa kukaa. Wengine walimwona mkali. Alikuwa mkali kweli.

Lakini sheria zake kubwa zilikuwa mbili, na zote mbili alizifanya mbele ya mgonjwa. Ya kwanza ilikuwa swali: “Tumboni mwako kuna nini kingine?” Hakugusa kifurushi kabla ya kujibiwa. Ya pili ilikuwa kuonja. Kwetu anayekukaribisha pombe ya ulezi hunywa yeye kwanza ndipo akupe wewe, ili ujue hakuna kitu. Mama alifanya hivyo kwa dawa. Alichota kijiko, akamwambia mgonjwa, “Tazama koo langu,” akameza taratibu, ndipo akamchotea yeye. Anayetoa dawa huonja kwanza.

Ndani ya nyumba hatuonjeani. Kuonja ni kwa watu baki, watu ambao wana haki ya kukushuku. Mama hakuwahi kutuonjea uji wala mboga kwa namna ile, na sisi hatukuwahi kumwonjea yeye. Ingekuwa tusi.

Nikiwa binti mkubwa alikuja mzee mmoja, mfanyabiashara wa mjini, amevaa koti zuri na kofia ya kufuma. Alitaka dawa ya kuondoa maji miguuni. Mama akauliza swali lake. Mzee akasema hana kitu tumboni, ni chai tu. Mke wake, aliyekuwa amekaa mkekani nyuma yake, akakohoa.

“Ana vidonge vya presha,” mke akasema. “Kila asubuhi.”

“Vile si dawa, ni vidonge tu,” mzee akasema.

Mama alikuwa ameshafungua kifurushi. Akakifunga tena, fundo lile lile, bila haraka. “Baba, nenda ukamalizane na wenzangu wa hospitali kwanza. Dawa mbili zisizojuana zikikutana gizani zinapigana, na uwanja wa vita ni wewe.”

Mzee aliondoka amekasirika. Mke wake alirudi kesho yake na kilo mbili za sukari kushukuru. Mama akaipokea, na tulikunywa chai tamu wiki nzima.

Mimi sikurithi dawa. Nilikwenda mjini nikajifunza cherehani, na sasa ni fundi hapa Kizwite, Sumbawanga mjini. Nashona sare za shule na magauni ya kwaya, na mikono yangu inajua futi ya kupimia kuliko inavyojua jembe. Mama alibaki kijijini hadi macho yake yalipoanza kuingia ukungu. Alipolikanyaga jembe mara ya pili nilimfuata nikamleta kwangu, na vifurushi vyake vyote ndani ya mfuko wa salfeti. Watu wakamfuata hapa hapa. Wakapanga benchi upande mmoja wa kibaraza, wateja wangu wa nguo upande wa pili, na mara nyingine walikosea, mwenye kikohozi akajikuta napima kiuno chake.

Nilimpeleka hospitali kwa ajili ya macho. Wakamtoboa kidole, wakakuta sukari. Daktari akaniambia mimi, si yeye, kwamba asipomeza vidonge kila siku macho yatakwisha kabisa, na baada ya macho itakuwa miguu. Mama alisikiliza ameinamisha kichwa. Njiani akaniambia sukari anaijua, ina mzizi wake, na ataunywa huo. Mti wenyewe sitautaja hapa, maana nawajua watu, wapo watakaokwenda kuuchimba kabla hawajamaliza kusoma.

“Basi kunywa vyote viwili,” nikasema.

“Mbili hapana. Nachagua moja.”

Vidonge vilikaa juu ya kabati katika bahasha ya karatasi. Kila nilipoviona niliona miguu. Mtaani kwetu kuna mama aliyekatwa mguu kwa sukari, hukaa mlangoni juani, na ukipita anakusalimia kwa furaha kubwa. Ile furaha yake ilinitisha kuliko mguu.

Jumatatu moja nilichukua kidonge nikakisaga kwa kitako cha chupa ya mafuta, nikakitia kwenye uji wa ulezi. Ulezi una uchungu wake wa asili, na wa mwaka ule ulikuwa mweusi, hakuna ambaye angegundua. Nilimpelekea bakuli. Akanywa, akasema uji umeiva vizuri. Nikarudi kwenye cherehani.

Sikujiona mwovu. Nasema hivi kwa sababu watu hudhani mtu anayefanya jambo kama hilo huwa anatetemeka. Sikutetemeka. Niliweka uzi kwenye sindano mara moja tu, ukaingia. Nilijiona mtoto mwema aliyepata njia.

Wiki tatu kila kitu kilikwenda sawa. Tulirudi kliniki, wakapima, sukari imeshuka vizuri. Nesi akanisifu kwa kumsimamia mzazi. Mama akasifu mzizi wake. Nilikaa katikati yao wawili, kila mmoja ameridhika na dawa yake.

Mwaka ule Kwaresima na Ramadhani zilikutana. Mtaa wetu mchanganyiko, Wakatoliki wa kutoka mashambani na Waislamu wenye maduka, karibu kila mtu alikuwa na njaa na hasira fupi. Kanisa limewasamehe wazee kufunga. Mama hakujisamehe. Kila Ijumaa ya Kwaresima alikunywa uji asubuhi, akanywa kijiko chake cha dawa, halafu hakula kitu tena hadi jioni baada ya Njia ya Msalaba.

Ijumaa hiyo, kama saa tano, mvua ilikuwa imekatika na nilikuwa natia vifungo kwenye sare. Nikamsikia mama akiniita kwa jina la dada yake ambaye alikufa zamani. Nilipotoka nikamkuta kibarazani amelowa jasho, na huku Sumbawanga mwezi wa tatu hakuna anayetoka jasho amekaa. Mikono ilikuwa inatetemeka. Akasema kwa Kifipa kwamba ng'ombe wameingia shambani. Hatuna ng'ombe.

Nikasimama. Nilijua ni nini, nikasimama tu na sindano mkononi.

Jirani yangu mwenye duka ndiye aliyekimbia kutusaidia. Mume wake ana sukari, kwao ugonjwa huo wanaujua. Mwanamke wa watu amefunga, midomo imemkauka, akaja na kiganja cha sukari akampaka mama ndani ya shavu, kidogo kidogo, huku akinikaripia, “Dada, ita bajaji! Unamtazama nini?” Nikaita bajaji.

Hospitali wakamtoboa kidole, nesi akatazama kipimo, akaita mwenzake. Wakamtundikia dripu. Nesi akaniuliza haraka haraka, kalamu iko tayari.

“Bibi anatumia dawa za kienyeji?”

“Ndiyo,” nikasema. “Mzizi. Anaupima mwenyewe.”

“Na vidonge tulivyompa?”

Mama alikuwa amelala, lakini macho yalikuwa wazi. Jirani yangu alikuwa amesimama kando, ananishikia mkoba. Lilikuwa swali lile lile la mama, nililolisikia tangu sijaota meno ya pili. Tumboni mwako kuna nini kingine.

“Alivikataa,” nikasema.

Haukuwa uongo. Alivikataa kweli. Nesi akaandika.

Mama alizinduka vizuri mchana. Nesi akamwinamia, akasema kwa sauti kubwa wanayotumia kwa wazee, “Bibi, hizi dawa zenu zitawaua. Umeona? Leo ungekwenda.” Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuka kutazama. Mama hakubisha. Yeye ambaye alibishana hata na padri juu ya majani ya mpera, alisema polepole:

“Nimepima vibaya. Ni macho.”

Hapo ndipo ningesema. Nafasi ilikuwepo, pana, mtu angeweza kupita na ng'ombe. Nilimfunika miguu kwa kitenge, nikamuuliza kama anataka chai.

Tuliporudi nyumbani aliniomba nimletee mfuko wa salfeti. Akapapasa mafundo, moja, mawili, matatu, akayahesabu yote. Akaniambia nichimbe shimo nyuma ya choo. Dawa haichomwi, hufukiwa. Nilichimba. Udongo ulikuwa laini kwa mvua, kazi haikuwa kubwa. Nilifukia miaka yake yote pale, nikanawa mikono, nikarudi kumalizia vifungo. Sikulia. Nilijaribu kujua kama nina huzuni, kama mtu anavyogusa jino kwa ulimi baada ya sindano ya ganzi. Hakukuwa na kitu.

Kijiko cha bati alikitia kwenye kopo la chumvi, jikoni. Akawa anameza vidonge hadharani, kimoja kimoja kwa maji, kama daktari alivyopanga upya. Mimi nilichota chumvi kwa kijiko kile kila siku.

Watu waliendelea kuja. Walitoka hata Kaoze kule bondeni, na kuna mama aliyekuja kutoka Kirando kule ziwani, ananuka dagaa na vumbi la safari, mtoto mgongoni. Mama aliwaambia wote maneno yale yale, “Nenda hospitali, mwanangu. Mkono wangu umekufa.” Benchi la upande wake likabaki tupu. Wateja wangu wakaanza kulikalia.

Wapo watakaosema ilikuwa heri. Bibi asiyeona anagawa mizizi, ya nini? Nilijiambia hivyo mwenyewe, na hoja si mbaya. Ila yeye hakuacha kwa sababu ya macho. Macho yalikuwa na ukungu mwaka mzima kabla ya hapo naye alipima kwa kidole, dawa ikifika kwenye kucha anaacha, na hakuna mtu aliyewahi kurudi akilalamika. Aliacha kwa sababu aliamini mkono wake ulimdanganya. Mkono haukumdanganya. Nilijua hivyo kila asubuhi nilipoamka, nikaamka asubuhi nyingi.

Ukaja mwezi wa sita, upepo wetu ule unaopasua midomo. Siku moja baada ya chakula cha mchana mama alitoka kuchuma mchaichai wa chai. Uko pale pale karibu na mlango, aliupanda mwenyewe, ukiupita unakugusa nguo. Alirudi na konzi ya majani, akasimama mbele ya cherehani yangu. Akayapeleka puani, akayatoa. Akayapeleka tena.

“Hebu ninusie,” akasema. “Ni mchaichai huu?”

Nyumba nzima ilikuwa inanuka mchaichai.

Mwanamke huyu aliwahi kunusa mzizi mmoja kati ya kumi na kusema huu umechimbwa kwenye kichuguu. Na sasa alikuwa amesimama mbele yangu na majani ya chai, akisubiri nimthibitishie, ameogopa. Ndipo kitu kikanishika hapa, chini ya mbavu, kwa mara ya kwanza tangu ile Ijumaa. Niliona aibu. Nasema aibu kwa kukosa neno lingine. Nikatoa mguu kwenye cherehani.

“Mama, sukari yako haikushushwa na mzizi peke yake,” nikasema. “Nilikuwa nakutilia vidonge kwenye uji.”

Hakushtuka. Alikaa kwenye benchi, upande wa wateja wangu, majani bado mkononi.

“Vingapi?”

“Kimoja. Kila asubuhi.”

“Siku ngapi?”

“Wiki tatu na siku kadhaa. Mpaka ile Ijumaa.”

“Vya asubuhi, kabla ya mzizi wangu.”

“Ndiyo.”

Alikuwa anahesabu. Aliniuliza maswali kama anavyomuuliza mgonjwa, bila hasira, akitaka tu kujua nini kilikutana na nini, na saa ngapi. Mwisho akashusha pumzi.

“Kwa hiyo kipimo changu kilikuwa sawa.”

“Kilikuwa sawa, mama.”

“Ungeniambia, ningeacha mzizi,” akasema. “Ningekuona mkaidi, lakini ningeacha. Na nesi yule, ulimwambia?”

“Hapana.”

“Utamwambia.”

Nilimwambia, kliniki iliyofuata, mama amekaa pembeni yangu na fimbo yake, foleni nzima inasikia. Nesi alisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia mama angeweza kufa, akaniambia siku nyingine akiuliza nijibu yote, akamshika mama bega akamwomba radhi kwa yale maneno ya siku ile. Mama akasema hayakuwa maneno mabaya, ila yalikwenda kwa mtu asiyehusika.

Hayo ni ya baadaye. Siku ile ya mchaichai mama aliinuka tu, akaenda jikoni, nikamsikia anafungua kopo la chumvi. Alikiosha kijiko kwa majivu, akakifuta, akakifunga kwenye pindo la kitenge chake. Nilidhani yamekwisha. Nilijisikia mwepesi, nikashona hadi jioni, hata nikaimba kidogo. Siku hizi watu wamerudi kwenye benchi lake, si wengi. Anawapa vitu vidogo vya kikohozi na vya tumbo, na mama yule wa Kirando nilimtumia salamu. Vidonge vyake vya sukari anaendelea navyo, mzizi wa sukari hakuurudia. Dawa moja.

Lakini asubuhi iliyofuata siku ile ya mchaichai nilimpelekea uji kama kawaida. Alikuwa amekaa kibarazani juani, amejifunika blanketi. Akapokea bakuli kwa mikono miwili, akalishika kidogo, likapasha viganja. Halafu akanirudishia.

“Onja,” akasema.

Nilidhani anasema habari ya chumvi. Nikamwambia nimeshaonja jikoni.

“Hapa. Mbele yangu.”

Nikachukua bakuli. Jirani yangu alikuwa anafungua duka, akanipungia mkono, sikuweza kumjibu. Nikanywa funda moja. Ulikuwa uji wa ulezi, hakuna kingine. Mama hanioni vizuri, ananiona kivuli tu. Kwa hiyo akanyoosha mkono, akatafuta shingo yangu, akaweka vidole viwili kooni. Nikameza. Akaviacha pale mpaka alipohakikisha funda limeshuka, ndipo akapokea bakuli lake, akanywa.